Ridi namba ngapi? Jibu kwa mpiga klarineti wa Temeke

Swali la safari hii limetoka kwa kijana wa Temeke ambaye amepiga klarineti katika bendi ya kanisa kwa mwaka mmoja na nusu. Linahusu ridi, kile kibanzi cha tete kinachotetemeka klarineti inapopulizwa, na mausipisi, yaani kipande cha mdomoni ambacho ridi hufungwa juu yake. Anaandika hivi: “Shikamoo mwalimu. Nilianza na mausipisi ya Yamaha 4C iliyokuja na klarineti yangu, pamoja na ridi za Rico namba 2. Mwezi uliopita binamu yangu aliniletea mausipisi ya Vandoren B45, na kwa kuwa wenzangu katika bendi wanasema namba 2 ni ya watoto, nikaenda Kariakoo kununua boksi la Vandoren namba 3. Tangu siku hiyo sauti imejaa hewa, taya linauma kabla ya wimbo wa tatu, na noti za juu hazitoki mpaka ning’ate. Katika ridi 10 za boksi zima, mbili tu ndizo zinazonikubali. Je, nivumilie mpaka midomo izoee, au nirudi namba 2? Tena, Desemba tunakwenda Arusha kwenye tamasha la kwaya. Nibebe ridi za namba gani?”

Marahaba, kijana wangu. Usivumilie. Midomo huzoea kazi inayowezekana, lakini hiyo uliyoipa haiwezekani, na ukiendelea kuilazimisha utajifunza kung’ata, tabia ambayo kuiacha huchukua muda mrefu kuliko ulioutumia kuipata. Wala si lazima urudi namba 2 kama ile ya zamani. Kwa B45 uliyo nayo, chukua Vandoren ya boksi la bluu namba 2½. Ikikushinda kwa wiki mbili za mazoezi ya kweli, shuka mpaka 2 ya kampuni hiyo hiyo, bila aibu yoyote. Naeleza sababu kwa kirefu, maana tatizo lako halikuletwa na namba peke yake: umebadilisha vitu vitatu kwa siku moja, na vyote vitatu vimekuelemea upande mmoja.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Wapigaji wengi, hata wa miaka mingi, wanaamini kwamba ridi namba 3 ni nene kuliko namba 2. Sivyo. Ridi huchongwa kwa mmea wa jamii ya matete unaoitwa kitaalamu Arundo donax, na yale yenye sifa kubwa hukuzwa kusini mwa Ufaransa, katika wilaya ya Var iliyo kando ya bahari ya Mediterania. Mabua hukatwa, hukaushwa juani, huwekwa ghalani yakomae, kisha hupasuliwa na kuchongwa kwa mashine. Ridi zote za aina moja huchongwa kwa vipimo vile vile: ncha ile ile, moyo (sehemu ya kati) ule ule, kisigino (mwisho wa nyuma) kile kile. Baada ya kuchongwa ndipo kila moja hupitishwa kwenye chombo kinachopima jinsi inavyopinda inaposukumwa, na hapo ndipo hupewa namba. Iliyopinda kwa urahisi hutupwa kwenye kapu la 2, iliyokataa kupinda huenda kwenye kapu la 3½ au 4. Kwa hiyo namba ni taarifa ya ukaidi wa bua lenyewe, yaani jinsi nyuzi zake zilivyoshikana lilipokuwa bado shambani, na ukizipanga ridi ya 2 na ya 3 za boksi la bluu juu ya meza, jicho lako halitaona tofauti yoyote.

Hapo tayari umepata nusu ya jibu la swali lako kuhusu boksi ambalo ridi mbili tu zilikukubali. Kila namba ni kapu lenye upana wake. Ridi iliyoponea chupuchupu kuitwa 2½ na ile iliyokaribia kuitwa 3½ zote zimeandikwa 3, na zote zimo ndani ya boksi lako. Isitoshe, chombo cha kiwandani hupima ugumu, lakini hakiwezi kujua kama upande wa kushoto wa ncha ni sawa na upande wa kulia, na mmea haukui kwa rula. Naamini zile mbili zilizokukubali ndizo zilizo laini zaidi katika kapu hilo. Ukiweza kuzilinganisha na 2½, huenda usione tofauti.

Jambo la pili ni kampuni. Hakuna chombo cha kimataifa kinachoamua kwamba 3 ni ugumu wa kiasi fulani. Kila kiwanda kina kipimo chake, na vipimo hivyo havisomani. Rico ya boksi la rangi ya chungwa, ambayo tangu mwaka 2004 imo mikononi mwa D’Addario ya Marekani, ni laini kuliko Vandoren yenye namba ile ile, na kwa mazoea ya wapigaji pengo hilo hukaribia nusu namba: Rico 2½ hukaa jirani na Vandoren 2. Maana yake ni kwamba ulipotoka Rico 2 kwenda Vandoren 3 ulidhani umepanda ngazi moja, kumbe umepanda takriban ngazi moja na nusu. Hata ndani ya kampuni moja mambo hubadilika. Vandoren wenyewe, wanaotengeneza ridi tangu 1905, wana ile ya kawaida ya boksi la bluu, wana V12 ambayo huchongwa kutoka bua nene zaidi na kuachwa na kisigino kinene, na wana nyingine baada ya hizo. V12 namba 3 haitakujibu kinywani kama ya bluu namba 3. Namba inafaa kulinganisha ridi za aina moja tu. Ukiambiwa na mwenzako “mimi napiga 3” na hakukutajia aina wala mausipisi, hajakuambia kitu.

Sasa tufike kwenye mausipisi, ambapo ndipo hasa palipokuumiza.

Ishike mausipisi yako uitazame kwa ubavu, ridi ikiwa imefungwa mahali pake, dhidi ya mwanga wa dirisha. Utaona ridi imelala bapa juu ya meza ya mausipisi, yaani uso wake ulionyooka, kisha karibu na ncha mausipisi inaanza kupinda na kuikimbia ridi, mpaka mwishoni kuna mwanya mdogo. Mwanya huo ndio unaoamua habari yote. Katika 4C yako ya zamani mwanya ni milimita 1.05. Katika B45 ni karibu milimita 1.20. Tofauti ya sehemu 15 za mia za milimita inaonekana ni upuuzi, lakini kumbuka kazi ya ridi: katika kila mtetemo inapaswa kusafiri kuelekea kwenye ncha ya mausipisi, iufunge au ikaribie kuufunga mwanya, kisha irudi, mamia ya mara kwa sekunde. Ukiongeza mwanya, umeongeza safari. Ridi laini huimudu safari hiyo kwa pumzi tu. Ridi ngumu, ikipewa safari ndefu, husimama katikati ya njia. Hewa inapita kando yake bila kutetemeshwa, nawe unasikia ule mfoko uliouita “sauti imejaa hewa”. Mpigaji naye, bila kufahamu, huanza kuisaidia ridi kwa taya: anaisukuma kutoka chini ili mwanya upungue. Huko ndiko kung’ata, na ndiyo sababu taya linauma kabla ya wimbo wa tatu.

Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi: mausipisi yenye mwanya mkubwa hupenda ridi laini zaidi, na yenye mwanya mdogo huvumilia, hata huhitaji, ridi ngumu zaidi. Kuna na urefu wa ule mpindo, ambao nao una neno lake, lakini kwa mpigaji wa mwaka mmoja na nusu mwanya unatosha. Ukiitazama safari yako kwa jicho hilo, utaona ulipaswa kushuka au kubaki pale pale ulipopokea B45, na wewe ukapanda. Binamu yako alikuletea kitu kizuri, tena kizuri sana, usimlaumu.

Nayasema haya kwa sababu nami nilipita njia hiyo hiyo. Nilipokuwa na umri kama wako alikuja mjini mgeni mmoja, mpiga klarineti hodari, akapiga jioni moja kwa sauti nene na tulivu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nilimuuliza anatumia namba gani, akanijibu 4, akanipa na ridi mbili. Wiki iliyofuata bendi yetu ilikuwa na mazishi Kinondoni, na mimi ndiye niliyepaswa kuanza wimbo peke yangu makaburini. Nikavuta pumzi, nikapuliza, ikatoka sauti kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Mpiga tarumbeta aliyekuwa ubavuni mwangu akaingilia haraka, na watu, kwa huruma ya mahali penyewe, wakajifanya hawakusikia. Siku chache baadaye nilikutana tena na mgeni yule, nikaomba kuitazama mausipisi yake dhidi ya mwanga. Mwanya ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ungedhani ridi imegusa. Yangu, niliyoinunua kwa mpiga saksafoni wa bendi ya dansi, ilikuwa wazi kama mlango wa duka. Namba 4 ilikuwa sahihi kwake, na isingekuwa sahihi kwangu hata ningekaa nayo miaka kumi.

Basi utajuaje ridi inayokufaa, ukiachana na maneno ya watu? Fanya jaribio hili asubuhi, kabla midomo haijachoka, katika chumba kisicho na zulia wala mapazia mazito yanayomeza sauti. Iloweshe ridi kwa maji safi kwa dakika moja hivi, au iweke mdomoni mpaka ncha iache kujikunja. Ifunge taratibu ili, ukiitazama kwa mbele, uone juu ya ncha ya ridi mstari mweusi wa mausipisi mwembamba kama unywele. Mahali hapo ni pa kuanzia. Ukiisogeza ridi juu kidogo, itajifanya ngumu, ukiishusha, italegea. Nimeona watu wakinunua boksi jipya wakati dawa yao ilikuwa kulegeza kibano kinachoishika ridi na kuisogeza kiasi cha nusu ya unene wa kucha.

Kisha piga G ya wazi, ile isiyofungwa tundu lolote, tena usiigonge kwa ulimi: anza na pumzi tupu, ndogo kadiri unavyoweza, uiache ikue. Ridi inayokufaa itaanza kuimba wakati pumzi bado ni ndogo, pasipo mfoko unaotangulia. Ikiwa unapuliza, unapuliza, hewa inapita, halafu ghafla sauti inaruka ikiwa tayari ni kubwa, ridi hiyo ni ngumu kwako. Ikishatoka, ikuze mpaka mwisho wa nguvu zako huku umeitazama tyuna, kile kifaa kinachoonyesha kama noti imepanda au imeshuka. Ridi iliyo laini mno itaanza vizuri sana, kwa urahisi unaokuvutia, lakini ukiisukuma itakuwa nyembamba na yenye mzizimo kama wa nyuki ndani ya kopo, sauti itashuka chini ya mahali pake, na ukizidisha itafunga kabisa, kimya. Sikiliza hapo kwa makini, kwa sababu wapigaji wetu wa bendi za maandamano, wanaopuliza barabarani wakishindana na ngoma na honi, hukutana na kufunga huku kila Jumapili na wengi wao hudhani klarineti inavuja.

Baada ya G shuka mpaka E ya chini kabisa, vidole vyote vikiwa vimefunga, uishike kwa upole, kisha uguse kitufe cha rejista kwa kidole gumba bila kubadilisha chochote kingine. Inapaswa kuruka kwenda B ya juu yake bila wewe kukaza taya. Panda hatua kwa hatua mpaka C ya juu. Ridi laini mno itakupa noti hizo zikiwa zimeshuka na zinatikisika, hata ufanyeje. Ridi ngumu mno itazitoa kwa kung’atwa tu, na mara nyingi zitakuwa zimepanda kupita kipimo. Mwisho gonga noti moja kwa ulimi, haraka, mara nane au kumi na sita. Ulimi ukigusa ridi inayofaa, kila noti huanza na kituo safi. Ukisikia “fff” mbele ya kila noti, ridi ni ngumu.

Utagundua kwamba katika jaribio zima sikukuambia utafute sauti nene. Ridi ngumu huweza kumdanganya mpigaji mwenyewe kwamba sauti yake imenenepa, kwa sababu mtetemo anaousikia kupitia meno na mifupa ni tofauti na ule unaofika kwenye viti vya nyuma vya kanisa. Mwombe mwenzako asimame mlangoni upige ridi mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Nimefanya hivyo na wanafunzi wengi, na mara nyingi yule wa mlangoni huchagua ridi ambayo mpigaji aliiona nyepesi.

Kuhusu wenzako wanaosema namba 2 ni ya watoto, wana chembe ya ukweli iliyokosewa mahali. Anayeanza hupewa ridi laini kwa sababu misuli ya midomo bado haijajengeka na pumzi bado haijapata nguzo tumboni. Vinapokua hivyo viwili, ridi laini huanza kumfunga, na hapo anapanda nusu namba. Kupanda kwake kunatokana na ridi kushindwa kubeba pumzi yake. Dalili za kukuruhusu kupanda ni zile nilizozitaja: noti za juu zinashuka na sauti inafunga unapopiga kwa nguvu, tena katika ridi zako zote nzuri, kwa wiki kadhaa mfululizo. Ridi moja ikifanya hivyo, imechoka tu. Wapo wapigaji mahiri wanaomaliza maisha yao kwenye 2½ na mausipisi iliyo wazi, na wapo wanaopiga 4 na mausipisi iliyofunga, na ukifumba macho huwezi kuwatenganisha kwa namba.

Boksi lako la namba 3 usilitupe wala usilirudishe. Zile ridi mbili zitumie sasa, na nane zilizobaki ziandike kwa penseli kwenye gamba, kila moja na alama yake, uzihifadhi. Ridi ngumu kidogo ni mali, kwa sababu inaweza kulainika. Ridi laini haina mahali pa kwenda isipokuwa kuwa laini zaidi. Baadhi ya hizo nane zitashuka zenyewe ukizipiga dakika tano kwa siku kwa muda wa wiki, kwa kuwa nyuzi za tete hulegea zinapolowa na kukauka mara kwa mara. Zilizobaki zinaweza kusuguliwa, ingawa nakusihi uanze na ile mbovu kuliko zote. Chukua msasa laini, namba 600, uuweke juu ya kioo, ulaze mgongo bapa wa ridi, uisugue mara tatu au nne tu, kisha ujaribu. Wazee wetu walilainisha mbao kwa jani la mti wenyewe uitwao msasa, na wapigaji wa Ulaya nao wamesugua ridi kwa bua kavu la mmea wao wenye mikwaruzo, kwa hiyo hii ni kazi ya zamani kila mahali. Lakini kuna hesabu yake: ukaidi wa kitu chembamba kinachopindwa hufuata unene mara unene mara unene. Ncha ya ridi ina unene wa karibu milimita 0.1, sawa na karatasi ya fotokopi. Ukiondoa sehemu moja ya kumi ya unene huo, kiasi ambacho jicho halikioni, hapo ulipogusa umeondoa zaidi ya robo ya ugumu. Ndiyo maana nasema mara tatu au nne, ujaribu, halafu upumzike mpaka kesho.

Ikiwa ridi inafoka hewa lakini haionekani ngumu kwa jumla, angalia kama pande zake zinalingana. Izungushe klarineti kidogo mdomoni ili mdomo wa chini uzime upande mmoja wa ncha na upande mwingine ubaki huru, upulize; kisha geuza upande wa pili. Upande unaokataa kuimba ukiwa huru ndio ulio mgumu, na ndio pekee unaostahili msasa.

Sasa nizungumzie mji wetu, maana vitabu vingi vya klarineti vimeandikwa na watu ambao tatizo lao ni baridi na hewa kavu ya vyumba vyenye moto. Dar es Salaam tatizo ni kinyume. Asubuhi nyingi unyevu hewani hupita asilimia 80, na wakati wa masika hata shati lililoanikwa halikauki kwa siku nzima. Tete hunywa unyevu huo. Ridi iliyokuwa sahihi Januari, jua likiwaka na upepo wa kaskazi ukivuma, inaweza kuwa nzito na yenye uvivu Aprili, ukadhani imebadilika namba. Ikiachwa kwenye mausipisi ndani ya kasha lililofungwa, itaota madoa meusi ya ukungu ndani ya siku chache. Ridi ya namna hiyo tupa, usiioshe. Baya zaidi ni kuhama ghafla kati ya hewa mbili: umetoka kwenye jua la Mbagala, umepanda gari lenye kiyoyozi, umeingia ukumbini penye kiyoyozi kikali zaidi, na ncha ya ridi imejikunja kama ukingo wa chapati iliyozidi moto. Hapo wengi hubadilisha namba. Dawa ni kuilowesha tena na kuikandamiza kwa kidole juu ya meza ya mausipisi kwa sekunde kadhaa mpaka inyooke.

Kila baada ya kupiga, ifute ridi kwa kidole kutoka kisiginoni kwenda nchani, uilaze kwenye kibebeo chake chenye nafasi ya kupitisha hewa, mgongo bapa ukiegemea kitu kilichonyooka. Tumia ridi nne kwa zamu, leo hii, kesho ile, usiimalize moja kabla ya kufungua ya pili. Anayeitumia moja tu mpaka ife huizoea inavyolegea siku hadi siku, na akifungua mpya ya namba ile ile huiona ngumu kama ubao, akaenda dukani kushuka namba bila sababu.

Unaponunua ridi moja moja, na ndivyo nakushauri ufanye kwa 2 na 2½ kabla ya kununua boksi zima, dai zilizo katika pakiti zake zilizofungwa moja moja. Ridi iliyokaa wazi kwenye kabati la duka kwa misimu miwili ya mvua si namba iliyoandikwa juu yake tena. Hilo ni la bidhaa, si la muuzaji. Hata ungeiweka nyumbani kwako ingekuwa hivyo hivyo.

Wapo watakaokuambia uachane na tete kabisa ununue ridi ya plastiki, kama zile za Légère kutoka Kanada. Kwa hali ya hewa yetu hoja yao ina uzito: haijikunji, haioti ukungu, hailoweshwi, na namba zake hupanda kwa robo robo, kwa hiyo unaweza kuchagua 2¼ au 2½ au 2¾. Bei ya moja ni ya boksi zima au kukaribia, na si rahisi kuijaribu dukani kisha ukairudisha. Kwa hiyo tafuta kwanza namba yako kwa tete, halafu ukipenda uhamie huko. Ukifanya kinyume utanunua plastiki tatu kabla hujaipata moja.

Kabla sijafika Arusha, jambo moja kwa wengine watakaosoma jibu hili, hasa katika makanisa yenye ala zilizoletwa kama msaada kutoka Ujerumani. Klarineti za mfumo wa Kijerumani zina mausipisi nyembamba na hutumia ridi nyembamba zaidi ya hizi za mfumo wa Kifaransa tunazozipata madukani. Ridi ikizidi kingo za mausipisi kwa pande zote mbili, namba yoyote utakayoweka haitakubali. Kijana wa Temeke haimhusu, kwa kuwa Yamaha 4C na B45 zote ni za mfumo wa Kifaransa. (Inanichekesha kidogo kwamba klarineti nyingi nzuri za dunia huchongwa kwa mpingo, mti unaoota kwetu Kilwa na Lindi, halafu sisi tunahangaika kutafuta kibanzi cha tete cha kuweka juu yake.)

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi na kwa kawaida kavu kuliko ya pwani. Wapigaji wanaopanda kutoka usawa wa bahari kwenda nyanda za juu huziona ridi zao zile zile zimekaza: mwitikio umechelewa, sauti imesinyaa, pumzi inahitajika zaidi. Kwa hiyo kama mpaka Desemba utakuwa umetulia kwenye 2½, beba ridi mbili nzuri za 2½ zilizokwisha kulainika na mbili za 2 ambazo umezipiga kwa wiki moja hapa Dar, usibebe mpya ambazo hujawahi kuzionja. Zile za namba 3 ziache nyumbani. Ndani ya kibebeo weka kipande kidogo cha ganda la chungwa au kitambaa chenye unyevu kidogo, si maji, ili ncha zisikauke njiani, ukiondoe mara mfikapo. Basi likifika jioni usiamue lolote usiku huo, maana midomo imekauka kwa safari na ridi nazo hazijakaa sawa. Amka mapema, loweka zote nne kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, fanya lile jaribio la G ya wazi kwa pumzi ndogo, na ile itakayoimba kwanza, iwe imeandikwa 2 au 2½, ndiyo uifunge kwa ajili ya tamasha.